Mganga Naye Apimwe

Leo naomba tuingie katika chumba kimoja chenye viti viwili.

Kwenye kiti cha kwanza ameketi kijana wa miaka 16. Ameletwa na wazazi wake kwa sababu halali usiku, hali vizuri, na shule hataki hata kuisikia. Kwenye kiti cha pili ameketi mtabibu ambaye dawa yake ni mazungumzo. Anauliza swali, kijana anajibu, "Sijui." Anauliza la pili, anajibiwa, "Sawa tu." La tatu halijibiwi, kijana anatazama dirisha. Saa nzima inakwisha hivyo.

Kuhusu kijana huyo yataandikwa mengi. Mimi leo nauliza habari za yule wa kiti cha pili. Moyoni mwake mna nini?

Huenda mna hasira. Huenda amechoka, anaichungulia saa yake kwa siri. Huenda anajiona hafai kazi. Au amejaa huruma mno, anatamani kumchukua kijana awe mwanawe, huku akiwalaani wazazi ambao hajazungumza nao hata mara mbili.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Wataalamu wa tiba hii nao walilijua jambo hilo mapema. Sigmund Freud alilizungumzia mwaka 1910, akaliona kuwa kikwazo ambacho daktari sharti akitambue ndani yake na kukishinda. Mwaka 1947 Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliwaambia wenzake waziwazi kwamba mtabibu anaweza hata kumchukia mgonjwa wake, na kwamba chuki hiyo lazima aijue. Mwaka 1950 Paula Heimann akaongeza kwamba hisia za mtabibu ni chombo cha kazi: zinaweza kumweleza jambo ambalo mgonjwa hajapata maneno ya kulisema.

Lakini chombo kisichopimika humdanganya mwenyewe. Ndiyo maana watafiti wakatengeneza vipimo. Mwaka 2005 huko Amerika ya Kaskazini, madaktari wa akili na wanasaikolojia 181 walijaza fomu yenye sentensi 79 kuhusu walivyojisikia mbele ya mgonjwa. Majibu yakajipanga katika mafungu manane: wapo waliozidiwa, waliojiona hawawezi, waliojitenga, waliotaka kulinda kama wazazi, na kadhalika.

Hao walikuwa wakitibu watu wazima. Mwaka 2009 ukachapishwa uchunguzi uliowahusu watabibu wa wasichana wenye matatizo ya ulaji. Humo lilionekana fungu moja ambalo kwa mtu mzima lisingetarajiwa: kuchoshwa na mgonjwa pamoja na kuwakasirikia wazazi wake. Kijana haji peke yake, msikilizaji. Huja na nyumba nzima nyuma yake.

Na huko Norway, katika utafiti wa vijana 69 wa miaka 16 hadi 18 wenye ugonjwa wa sonona, watabibu walipewa orodha ya maneno ya hisia. Kila neno mtabibu hulipa alama, kuanzia "hapana kabisa" hadi "sana". Ni kazi ya dakika chache tu.

Atakuwepo atakayesema: mtu gani atakubali kuandika kwamba kijana mgonjwa anamchosha? Ni kweli, karatasi hujazwa na mwenyewe, na mwenyewe hupenda kuonekana mwema. Alama hizo si hukumu ya mahakama. Lakini fikiria wiki tatu mfululizo mtabibu ameweka alama ya juu kwenye kuchoka. Sasa analo la kumpelekea mwenzake mwenye uzoefu na kumwambia, "Nisaidie, hapa pana jambo." Bila karatasi ile angesema tu kwamba kijana ni mkaidi.

Hapo ndipo penye hatari. Mtabibu aliyechoka huuliza maswali machache, hupiga miayo, husahau jina la dada wa mgonjwa. Kijana aliyekwisha kuzoea kuchokwa na watu huyasoma hayo upesi kuliko kitabu. Wiki inayofuata haji. Na kijana mwenye sonona asiyerudi si jambo la kuandika "hakuhudhuria" na kufunga jalada.

Wewe na mimi huenda si watabibu. Lakini walimu tunao, na wazazi ndio sisi. Mtoto anapokujibu "sijui" kwa mara ya kumi na damu ikakuchemka, kabla hujasema huyu ameharibika, jiulize kwanza: hiki kinachonichemka ni chake au ni changu? Na kama ni chake, je, hajisikii hivyo hivyo mchana kutwa, asijue aseme nini?

Mganga hajigangi, sawa. Lakini kujipima anaweza.