Pumzi Kwanza, Mizani Baadaye



Jumapili alfajiri, kabla jua halijachomoza nyuma ya milima iliyoinamia mji wa Bujumbura, wakimbiaji huwa wamekwisha kuingia barabara za Rohero. Hupanda kuelekea Kiriri kwa nyimbo na makofi, kisha hugeuka na kushuka upande wa ziwa. Ni desturi njema, nasi hatuna neno nayo. Lakini mtazameni yule aliye nyuma kabisa. Ni bwana wa makamo, mtumishi wa ofisi, mwenye kitambi ambacho kwa miaka mingi jamaa zake walikiita dalili ya neema. Daktari amekwisha kumwonya juu ya shinikizo la damu. Wenzake wamemwacha, naye amesimama, mikono magotini, akitafuta pumzi. Baada ya wiki tatu haonekani tena. Ukimwuliza sababu, atajibu kwamba alikimbia na kutaabika, na mizani haikusogea.

Bwana huyo alikosea mambo mawili. Kwanza, aliufuata mwendo wa watu wengine. Pili, na hili ndilo kubwa, aliiachia mizani iamue kama amefaulu au ameshindwa.

Yapo mazoezi yanayoitwa mazoezi ya vipindi. Mtu hujikaza kwa muda mfupi, kisha hupunguza mwendo ili moyo utulie, halafu hujikaza tena. Wakimbiaji mashuhuri wameyatumia tangu miaka ya 1930, na huenda ndiyo maana wengi hudhani kwamba ni mambo ya akina Vénuste Niyongabo, aliyeiletea Burundi medali ya dhahabu ya mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996. Dhana hiyo si sahihi.

Mwaka 2008 wataalamu wa mji wa Trondheim, nchini Norway, walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya watu wazima 40 wenye unene uliozidi kiasi. Waligawanywa katika makundi matatu, wakafanya mazoezi mara tatu kwa wiki kwa muda wa wiki 12. Kundi moja lilifanya mazoezi ya vipindi: dakika nne za kujikaza, dakika tatu za mwendo wa taratibu, na kurudia hivyo mara nne. Kundi la pili lilikwenda mwendo wa wastani bila kukatiza, na la tatu lilifanya mazoezi ya nguvu za misuli. Kipimo kilikuwa uwezo wa mwili kutumia hewa ya oksijeni, yaani kile ambacho sisi watu wa kawaida hukiita pumzi. Katika kundi la vipindi uwezo huo uliongezeka kwa asilimia 33, la wastani 16, la misuli 10. Mishipa ya damu ilifanya kazi vizuri zaidi katika makundi yote matatu. Uzito je? Ulipungua kidogo tu.

Watu 40 si wengi, na haifai kujenga nyumba juu ya tofali moja. Hata hivyo chunguzi nyingi zilizofuata zimeelekea huko huko: mazoezi ya vipindi huinua pumzi katika muda mfupi, lakini katika kupunguza mafuta hayauzidi sana mwendo wa kawaida. Uzito hutegemea zaidi sahani, na hapa nyama ya kuchoma na bia za jioni zina maelezo ya kutoa.

Hivyo basi, yule bwana wa Rohero huenda alikuwa akipona huku akidhani anapoteza wakati wake.

Naye hana haja ya kukimbia. Mwili mzito hukandamiza magoti, na mlima tulio nao mlangoni unatosha. Atembee dakika kumi mahali tambarare ili mwili upate joto. Kisha apande kwa hatua za haraka dakika nne, kiasi cha kuweza kusema maneno mawili matatu lakini si kusimulia hadithi. Ashuke polepole dakika tatu. Mara ya kwanza afanye hivyo mara mbili tu, na dakika nne zikimshinda, aanze na moja. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, au aliyewahi kuhisi maumivu ya kifua, amwone daktari kabla ya kuugusa mlima huo. Na maumivu hayo yakimjia njiani, asimame papo hapo na kutafuta msaada.

Mizani aiweke chini ya kitanda kwa miezi mitatu. Badala yake ahesabu ni mara ngapi anasimama kupumzika kati ya nyumba yake na kilele cha barabara, na aiandike hesabu hiyo ukutani, pamoja na tarehe.