Teknolojia Itumike Kumsikiliza Mtoto Akisoma

Nakala ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri ya Wilaya ya Ileje kwa wazazi, walezi na walimu wa Kata ya Ibaba



Nimeombwa nieleze namna teknolojia inavyoweza kuwasaidia wanafunzi wanaosoma kwa shida. Nisingependa mtoke hapa mkidhani kwamba dawa ya tatizo hili ni kununua kifaa. Ombi langu ni dogo zaidi, na liko ndani ya uwezo wa kaya nyingi: vifaa tulivyo navyo tayari vitumike kumsikiliza mtoto akisoma kwa sauti.

Wako watoto wanaojua herufi zote na silabi zote, lakini hawasomi kwa ufasaha. Kiswahili kina maneno marefu. Neno kama "tulipowatembelea" limebeba habari nzima ndani yake: ni nani aliyetenda, wakati gani, alitenda nini, na aliyetendewa ni nani. Mtoto anayelisoma kwa kulivunja silabi moja moja, tu-li-po-wa-te-mbe-le-a, anapofika mwisho amekwisha kusahau mwanzo. Ametamka yote, hakuelewa lolote. Kwa watoto ambao nyumbani huzungumza Kindali, Kimalila au Kilambya, mzigo huo huwa mzito zaidi.

Mtoto huyo akifika darasa la tatu, masomo yote humjia kwa maandishi. Darasa la nne linamsubiri na Upimaji wa Kitaifa. Hata aliye mwepesi wa hesabu hukosa swali la hesabu kwa sababu hakuweza kulisoma. Akichekwa mara mbili tatu darasani, huanza kuona kwamba shule si mahali pake. Ndiyo maana suala hili halipaswi kusubiri.

Je, kifaa peke yake kinaweza kumfundisha mtoto kusoma? Swali hilo lilijaribiwa hapa hapa Tanzania. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, kwa muda wa miezi 15, watoto zaidi ya 2,700 katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kwa Kiswahili. Yalikuwa mashindano ya kimataifa ya Global Learning XPRIZE, yaliyoendeshwa kwa ushirikiano na Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vijijini viliwekwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni, idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019, programu mbili, onebillion na Kitkit School, zilitangazwa kuwa washindi kwa pamoja.

Matokeo hayo yanastahili sifa, kwani wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kusoma shule. Lakini tuyatazame pia upande wa pili: nusu ya wale wasioweza kusoma neno walibaki vilevile. Kifaa kilimfikisha mtoto mahali fulani, na kutoka hapo alihitaji mtu.

Jirani zetu wa Kenya walijifunza jambo linalofanana na hilo. Huko Kisumu yalilinganishwa makundi matatu ya shule: moja, vishikwambi walipewa maofisa wanaowatembelea walimu madarasani; la pili, walipewa walimu; la tatu, wanafunzi wenyewe walipewa vifaa vya kusomea. Makundi hayo hayakupishana kwa kiasi cha kutajika. Basi mpango wa kitaifa wa Tusome, ulioanza mwaka 2015, ukafuata njia iliyo nafuu: kishikwambi kikawa mkononi mwa ofisa, naye akakitumia kufuatilia somo, kuwasikiliza wanafunzi wachache wakisoma, kisha kumshauri mwalimu.

Ndugu zangu, nasi hatuanzi na mikono mitupu. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu. Simu nazo zimo majumbani mwetu, na nyingi zina kinasa sauti, ambacho hakihitaji bando wala mtandao. Naomba tukitumie hivi.

Kwanza, mtoto achague kifungu kifupi katika kitabu chake cha darasa. Mistari mitano au sita yatosha. Pili, mtu anayesoma vizuri, awe mzazi, kaka au dada, amsomee kifungu hicho huku mtoto akifuata kwa kidole, kisha wasome pamoja. Tatu, mtoto asome peke yake na sauti yake irekodiwe, halafu ajisikilize. Nne, arudie kifungu kilekile kwa siku tatu au nne. Siku ya mwisho achezewe sauti ya kwanza na ya mwisho. Atasikia mwenyewe kwamba maneno yaliyokuwa yakikatika sasa yanatiririka. Kisha mwulizeni kifungu kinasema nini, maana kusoma haraka bila kuelewa si ufasaha.

Kazi hii haizidi dakika 15 kwa siku. Mzazi asiyejua kusoma asijitenge. Anayefahamu Kiswahili atasikia mtoto anapokwama na atajua kama habari ina maana. Kusikiliza hakuhitaji cheti.

Kwa walimu, pendekezo langu ni kwamba kila mwezi sauti ya kila mwanafunzi anayesoma kwa shida irekodiwe kwenye kishikwambi na kuhifadhiwa, ili katika kikao cha wazazi maendeleo yasikike na si kusimuliwa tu. Afisa Elimu Kata anapotembelea shule naye asikilize.

Nina tahadhari tatu. Sauti ya mtoto isirushwe kwenye makundi ya simu wala kufanywa kichekesho. Mtoto alinganishwe na nafsi yake ya wiki iliyopita, wala si na mtoto wa jirani. Na muda wa kusoma ukiisha simu irudi kwa mwenyewe, isigeuke kuwa ya michezo na video hadi usiku. Aidha, mtoto asiyeonesha maendeleo baada ya wiki kadhaa apelekwe kituo cha afya akapimwe macho na masikio, kwani huenda tatizo haliko kwenye kusoma.

Nahitimisha kwa kuwaomba wenyeviti wa vijiji na kamati za shule waliingize jambo hili katika ajenda za vikao vyao vijavyo, wakubaliane na walimu ni watoto gani waanze. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa darasa la pili anayesikilizwa leo ana nafasi kubwa zaidi kuliko yule tutakayemkumbuka matokeo ya darasa la nne yakishabandikwa ubaoni.

 Jioni ya leo, wasikilizeni watoto wenu.