KIKOHOZI KISICHOKWISHA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Tabora)



Tumepewa zamu ya kusema habari za afya, nasi tumechagua ugonjwa ambao wengi wetu hatuuhesabu kuwa ugonjwa. Mtu akikohoa kila asubuhi na kutema makohozi husema, "Ni baridi ya Juni," ama, "Ni uzee." Waganga huuita bronkaitisi sugu, nao huutambua hivi: kikohozi chenye makohozi kishikacho walau miezi 3 katika mwaka, kwa miaka 2 mfululizo, wala hapana maradhi mengine yanayokileta.

Mirija ya pumzi ina utando wenye vinyweleo vidogo mno, vifagiavyo vumbi na kulipandisha juu litoke. Moshi ukiingia kila siku, vinyweleo hufa, utando huvimba, na makohozi huzidi. Wafagiaji wamekufa na taka zimeongezeka. Ndipo kifua hulazimika kufagia kwa kukohoa.

Moshi huo watoka wapi? Kwanza ni sigara zetu wenyewe. Pili ni kuni na mkaa wa jikoni, unaowapata mama zetu na wake zetu wasiovuta hata sigara moja. Tatu, huku kwetu, ni mabani ya kukaushia tumbako Urambo, Sikonge na Kaliua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Mwaka 2024 Serikali yetu ilitoa mpango ili ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi. Mpango ni mwema, lakini moshi wa jikoni mwetu haungoji mwaka 2034.

Basi yatupasa nini? Akohoaye majuma 2 au zaidi aende Kitete, ama kituo kilicho karibu, apimwe kifua kikuu. Kipimo hicho na dawa zake ni bure. Asijiite mwenye bronkaitisi kabla ya hapo. Kisha aache tumbako. Mapafu yaliyoharibika hayawi mapya, lakini uharibifu hupunguza mwendo. Jiko litolewe nje, ama lipate dirisha, na kuni ziwe kavu. Wala asinunue vidonge dukani kila akohoapo: dawa za kuua vijidudu hufaa pale tu mganga aonapo haja, naye ndiye atoaye dawa ya kuvuta ipanuayo mirija. Atembee kila siku kwa kadiri ya nguvu zake. Akitweta, avute pumzi kwa pua, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama apozaye uji. Lakini akitema damu, ama midomo ikigeuka rangi, ama akishindwa kusema kwa kukosa pumzi, apelekwe hospitali saa ile ile.

Ndugu, mji huu ulikuzwa kwa vifua vya watu. Babu zetu wapagazi walichukua mizigo ya ratili 60 na 70 kwa miguu, toka Bagamoyo hata hapa, na mbele hata Ujiji. Ni aibu mjukuu wa mpagazi kutweta ngazini akiwa na faili moja mkononi, na aibu kubwa zaidi mkewe akohoe miaka 10 jikoni tusimwulize. Twaomba kila mwanachama arudipo leo aingie jikoni mwake, atazame moshi unatokea wapi.