Daftari la Mali na Daftari la Watu

Maneno aliyosema katekista mmoja mbele ya waumini na walimu wa Kariakoo, Dar es Salaam, katika sikukuu ya jubilei



Wazee wameniamuru niseme nanyi maneno machache. Nami nimeona vema, katikati ya furaha hii, tuwakumbuke wenzetu waliosafiri na mizigo wasirudi.

Sisi twakaa Kariakoo, na jina hili twajua lilikotoka. Katika vita vya 1914 hata 1918 Waingereza walikuwa na kikosi cha wachukuzi, wakakiita Carrier Corps, na vinywa vyetu vikalifanya Kariakoo. Wachukuzi wale walibeba risasi na unga vichwani. Maelfu wakafa kwa njaa na maradhi, na wengi hawana kaburi lenye jina. Mizigo ilihesabiwa vema kuliko walioibeba.

Hata leo, ukipita sokoni alfajiri, utawaona wenye mali wameinama juu ya magunia na marobota, wakiandika kwa wino mzito: la Mwanza, la Bukoba, la Ukerewe, la Mbamba Bay. Hapana robota litokalo bila jina la mwenyewe. Hiyo ni busara, maana wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi mizigo hiyo, mingine hupakiwa melini, ivuke maziwa. Na mtu wa pwani hudhani ziwa ni dimbwi kubwa tu. Sivyo. Katika Ziwa Nyasa, miezi ya Mei hata Agosti, huvuma upepo wa kusini uitwao mwera, na mawimbi husimama kama ya bahari kuu. Tarehe 30 Julai 1946, meli Vipya, iliyochukua mizigo na abiria, ilipatwa na upepo mkali ikapinduka, upande wa nchi iitwayo leo Malawi. Ilikuwa meli mpya, katika mwaka wake wa kwanza wa kazi. Watu 145 walikufa.

Mtu atasema, Ajali haina kinga. Nakubali ya kuwa upepo hatuutumi sisi. Lakini tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria, Mwanza haiko mbali, wala haikuzamishwa na dhoruba. Ilikuwa ya abiria 430. Waliokufa walipita 800. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Tena tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kimejaa watu na mizigo. Kilikuwa cha watu 101. Waliokufa walipita 200.

Mwaka ule wa 1996 nilikuwa kijana. Jirani yetu, mwuza khanga, alikuwa amekwenda Bukoba na mali yake. Mkewe alikaa barazani siku tisa, redio magotini. Kila majina yaliposomwa, la mumewe halikutajwa, wala kwa waliokufa, wala kwa waliookoka. Akafunga safari mpaka Mwanza. Huko akaonyeshwa makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi wasiotambuliwa, akalia mbele ya yote kwa kuwa hakujua lipi ni lake. Hata aliporudi, alinifunulia daftari la marehemu: marobota kumi na moja, rangi zake, bei zake, yote kwa mwandiko mzuri. Akaniambia, "Mwanangu, nguo zake nazijua zote kwa hesabu. Yeye mwenyewe hakuna aliyemwandika."

Maneno yale hayajanitoka mpaka leo.

Kwa hiyo nawasihi. Ninyi wachukuzi, nahodha akisema basi, na iwe basi. Msiongeze hata gunia moja, wala msikubali shilingi ya mtu mwenye haraka. Ninyi wenye mali, kabla ya kuuliza robota lako limewekwa wapi, uliza jina lako limeandikwa wapi. Kama halikuandikwa, shuka. Mwenye chombo akikucheka, mwache acheke. Mali iliyochelewa siku moja huuzwa siku ya pili, lakini mtu hana soko la pili.

Nanyi walimu, wapeni watoto hesabu hii ubaoni: chombo ni cha watu 101, nao wamekufa zaidi ya 200, je, kosa lilianza majini au gatini? Mtoto aliyeijibu akiwa darasani ataikumbuka siku atakapokuwa karani wa bandari, au nahodha, au abiria mwenye haraka ya kufika kwao.

Wahenga walisema juu ya mali, nasi na tuseme juu ya watu: Watu bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tusimame kimya kitambo kidogo, tuwakumbuke wale ambao majina yao hayakuandikwa po pote. Kama yuko hapa amjuaye mmoja wao, na alitaje jina lake kwa sauti, sote tulisikie.