Tiketi Moja au Mbili? Muda wa Kubadili Ndege kwa Sisi Tunaotoka Luano

Mada iliyowasilishwa katika semina ya maandalizi ya wanaokwenda kusoma na kufanya utafiti nje ya nchi, Kampasi ya Kasapa, Lubumbashi



Mtu wa kampasi hii akipata ufadhili, huwa ameshahangaika vya kutosha: barua za mapendekezo, vyeti vya kugonga mihuri, foleni ya pasipoti, foleni ya visa, fedha za kukopa kwa wajomba. Halafu safari nzima inakwama katika uwanja wa ndege wa nchi ya tatu kwa sababu ya dakika arobaini. Inaniuma kila ninaposikia habari hiyo, kwa kuwa hasara ya namna hii huweza kuzuilika siku ile ile tiketi inapokatwa.

Swali ninaloulizwa zaidi ni: kati ya ndege na ndege, saa ngapi zinatosha? Nitalijibu. Lakini kwetu sisi linatanguliwa na lingine, na ndilo nililolijia hapa: tiketi yako ni moja au ni mbili?

Hatuna ndege ya kututoa uwanja wetu wa Luano moja kwa moja hadi Ulaya, Amerika au Asia. Lazima tushuke njiani: Addis Ababa, Nairobi, Johannesburg, au Kinshasa kwa anayetaka kupanda ndege ya Brussels au Paris. Wenye umri wanaikumbuka Korongo Airlines, iliyoanza kuruka mwaka 2012 kwa ubia wa Brussels Airlines na kundi la Forrest. Makao yake yalikuwa hapa hapa Lubumbashi, na abiria wake aliweza kupokewa Kinshasa na ndege ya Ulaya bila kuhangaika. Ilifungwa mwaka 2015. Kwa miaka mingi sasa makampuni yote ya ndege yaliyopewa leseni Kongo yamezuiwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo anayepita Kinshasa kwa kampuni ya ndani hana budi kubadili kampuni kabla ya kwenda Ulaya. Na mara nyingi makampuni hayo mawili hayana mapatano ya kupokeana abiria. Hapo ndipo tiketi mbili zinapozaliwa, wala si kwa uzembe wa msafiri.

Tofauti yake ni kubwa kuliko bei. Tiketi moja ni mkataba mmoja, hata kama ndani yake mna ndege tatu. Ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, ni kazi ya kampuni kukutafutia nyingine mpaka ufike mwisho wa safari. Mkataba wa Montreal wa 1999, katika kifungu cha 19, unaitwika kampuni dhamana ya hasara inayotokana na kuchelewa, isipokuwa ithibitishe kwamba ilifanya kila liwezekanalo kuizuia. Tiketi mbili ni mikataba miwili isiyojuana. Kampuni ya pili haijui kwamba mvua imekuzuia Luano. Inachokiona ni jina la abiria asiyetokea, na kwa makampuni mengi abiria asiyetokea kwenye ndege ya kwenda hufutiwa hata ya kurudi.

Namkumbuka mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili. Tiketi ya kuvuka bahari alikatiwa na wenyeji wake, ya kutoka hapa hadi walikomwekea ndege akajikatia mwenyewe, akaacha saa tatu katikati. Kwenye karatasi saa tatu ni nyingi. Ndege ya kwanza ilichelewa kwa saa moja na nusu tu. Alishuka, akasubiri sanduku, akatoka nje, akaingia tena upande wa safari za kimataifa akakuta kaunta imefungwa, ingawa ndege yenyewe ilikuwa bado inaonekana pale uwanjani. Kaunta za safari ndefu hufungwa kama saa nzima kabla ya kuruka. Ilibidi familia inunue tiketi mpya.

Kwa hiyo naomba kila mmoja akiwa pale Luano afanye jambo dogo lisilochukua hata dakika. Mfanyakazi akishafunga lebo kwenye sanduku lako, isome kabla sanduku halijaondoka. Ina herufi tatu tatu: FBM ni sisi, FIH ni Kinshasa, ADD ni Addis Ababa, NBO Nairobi, JNB Johannesburg, BRU Brussels. Kama unakwenda Brussels na kituo cha mwisho kwenye lebo ni BRU, sanduku litapita lenyewe. Kama lebo imeishia FIH au JNB, jua kwamba utalichukua mwenyewe, utapita uhamiaji, utapanga foleni upya, na saa zako zote zihesabiwe kwa kazi hiyo. Uliza hapo hapo, kwa upole, kabla hujaondoka kaunta.

Sasa nije kwenye saa zenyewe. Kila uwanja mkubwa una muda wa chini unaokubaliwa wa kubadili ndege, na kompyuta za kuuzia tiketi hazikubali kuunganisha chini yake. Frankfurt ni maarufu kwa dakika 45. Muda huo umepimwa kwa mambo yanapokwenda sawa, na kwa mtu anayeufahamu uwanja.

Chukua saa moja na nusu pale Bole, Addis Ababa, ambako wengi wetu hupita. Tiketi inasema unafika saa 3:00 usiku, unaondoka saa 4:30. Ndege inasimama, na mara nyingi husimama mbali na jengo. Mlango unafunguliwa, walio mbele wanashuka, wewe uko safu ya nyuma. Basi la kwanza linajaa, unapanda la pili. Tayari saa 3:20. Unaingia kwenye ukaguzi wa usalama wa abiria wanaopita, kwa maana kule wanaopita nao hukaguliwa: mkanda, viatu, kompyuta nje ya begi. Ndege nyingi za Afrika hufika Bole jioni ili kulisha ndege za usiku za Ulaya, hivyo foleni hiyo unaipanga pamoja na watu wa nusu ya bara. Upande wa pili, geti halifungwi saa 4:30. Hufungwa robo saa kabla, pengine dakika ishirini. Dakika tisini zimebaki hamsini, foleni bado haijaondolewa. Ndege ikichelewa kutoka Luano kwa nusu saa, nawe umeingia mbio.

Na hapo hapo kuna saa ya mkononi. Addis na Nairobi ziko mbele yetu kwa saa moja. Simu hujirekebisha yenyewe ikipata mtandao, lakini iliyoachwa kwenye hali ya ndege hubaki na saa ya Lubumbashi. Kijana ameketi, anatazama simu, inaonyesha saa 3:10, anajua ana muda wa kutosha. Ukutani kwa Addis ni saa 4:10 na geti linafungwa. Nchi yetu nayo ina saa mbili: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukitoka Luano saa 6 mchana, baada ya saa mbili na kitu angani utakuta uwanja wa Kinshasa, N'djili, ni saa 7 na kidogo, na unaona kama umezawadiwa muda. Kurudi ndiko kunakodai deni hilo, maana safari ya saa mbili inakula saa tatu za ukutani. Mtu wa Kinshasa anayekuja kuunganisha ndege hapa Luano asipohesabu hivyo, amepotea kabla ya kuondoka. Nyakati zote kwenye tiketi ni za mahali husika. Rekebisha saa yako ndege inapogusa ardhi.

Kwa uzoefu wangu, basi, mwenye tiketi moja inayopita Addis au Nairobi asikubali chini ya saa mbili, na kati ya Novemba na Machi, wakati wa mvua zetu za radi, atafute tatu. Anayekwenda Marekani na kubadili ndege tena ndani ya nchi hiyo ajiwekee saa nne pale anapoingia, kwa sababu kule uwanja wa kwanza ndio wa uhamiaji na forodha: unachukua sanduku lako, unapita nalo, unalikabidhi tena, unakaguliwa upya, hata kama lebo inaonyesha mji wa mwisho. Mwenye tiketi mbili katika uwanja mmoja wa nje, saa sita ni za lazima. Na mwenye tiketi mbili kupitia Kinshasa aondoke Lubumbashi jana yake.

Hapo mwisho huwa napingwa: hoteli ya Kinshasa ni ghali. Ni kweli. Lakini makampuni yetu ya ndani yana ndege chache, moja ikiharibika hakuna ya akiba, na safari inayofutwa asubuhi huenda ikafanyika kesho. Kisha N'djili penyewe utachukua mzigo, utahamia upande wa kimataifa, utalipa ada ya uwanja iitwayo Go-Pass, ya kimataifa, ambayo mwaka 2009 ilipangwa dola 50 wakati ya ndani ilikuwa dola 10, utapita kwa watu wa afya na kadi ya njano ya chanjo, kwa watu wa uhamiaji wa DGM, kwa ukaguzi. Ukiwa na ndugu mjini, lala kwao, ila kesho yake usiidharau Boulevard Lumumba, barabara ya kwenda uwanjani; msongamano wake umewakosesha ndege watu wengi kuliko mvua.

Wengine hukimbilia Ndola, nchini Zambia, ambako kuna kiwanja kipya tangu 2021 na saa ni ile ile yetu. Ni njia nzuri kwa mwenye siku ya ziada. Lakini mpaka wa Kasumbalesa, utakaouvuka kwenda huko, hauna ratiba. Foleni ya malori huamua yenyewe. Na Agosti 2024 Zambia iliufunga mpaka huo kwa siku kadhaa, katika mgogoro wa vinywaji vilivyozuiwa kuingia kwetu. Mwenye ndege siku hizo alibaki upande huu.

Kuna siku ambazo hata saa kumi hazisaidii. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza jengo la wasafiri wa kimataifa wanaowasili katika uwanja wa Nairobi. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa uwanja huo huo waligoma, abiria wakakwama. Siku kama hizo saa zote ulizojiwekea huliwa. Mwenye tiketi moja anasubiri kwa mashaka, lakini anasubiri ndege. Mwenye mbili anasubiri fedha kutoka nyumbani.

Limebaki la pasipoti, na hili ni letu hasa. Kongo ni miongoni mwa nchi 12 ambazo raia wake wanatakiwa na Umoja wa Ulaya kuwa na visa ya kupita tu ndani ya uwanja, bila hata kutoka nje. Mwenye visa halali ya Schengen, ya Marekani au ya Kanada amesamehewa. Lakini anayekwenda Moroko kwa kupitia Paris, kwa kuwa tu ni nafuu, atazuiwa kupanda ndege. Uingereza nayo ina sharti lake la visa ya kupita. Na ukiwa na tiketi mbili, kulichukua sanduku maana yake ni kuingia nchini. Johannesburg huwezi kuingia bila visa ya Afrika Kusini, uwe na saa tatu au thelathini.

Tiketi nyingi za watu wa Kasapa hazikatwi hapa. Hukatwa na chuo au shirika la huko tunakokwenda, na mtu aliyeketi mbele ya kompyuta Ulaya, akiona dakika 55 na bei nzuri, hana sababu ya kusita. Hajui Luano wala N'djili. Sisi wengi huona haya kumwambia, tukidhani tutaonekana wasumbufu au watu wasio na shukrani. Naomba tuache haya hiyo. Mwaliko ukifika, jibu la siku hiyo hiyo liwe na maneno kama haya, kwa Kifaransa au Kiingereza:

"Natoka Lubumbashi. Naomba tiketi iwe moja kutoka hapa hadi mwisho wa safari, kwenda na kurudi. Muda wa kubadili ndege usipungue saa tatu. Njia isipite nchi inayodai visa ya kupita kwa pasipoti ya Kongo. Naomba kufika siku moja kabla ya kazi kuanza, na kuiona ratiba kabla tiketi haijatolewa."

Sentensi hiyo ya mwisho msiifute. Tiketi ikishatolewa, badiliko mara nyingi huwa na faini, na mwenyeji atakuwa ameshafunga hesabu zake.