Mazungumzo Baada ya Habari: Chombo cha Kutafuta Maji Kiwe Mikononi mwa Wananchi

Wakazi wa Kamenge, mtaa ulioko kaskazini mwa jiji la Bujumbura, wanaishi kilomita chache tu kutoka Ziwa Tanganyika, mojawapo ya hazina kubwa kabisa za maji matamu duniani. Hata hivyo, mabomba yanapokauka, akina mama na watoto hushika mabidoni kwenda kutafuta maji, na asiye na fedha huteka popote. Matokeo ya hali kama hiyo yanajulikana. Mwezi Januari 2023, Serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu jijini Bujumbura.

Maji yanayosambazwa jijini na shirika la umma la REGIDESO hutoka kwa sehemu kubwa ziwani, na kuyapandisha kunahitaji umeme. Kwa hiyo maji yaliyo chini ya ardhi yanastahili kutazamwa kama akiba. Tambarare ya Imbo ina matabaka ya mchanga, kokoto na udongo wa mfinyanzi. Mchanga na kokoto hupitisha maji, mfinyanzi huyazuia. Anayechimba bila kujua lipi liko wapi anacheza bahati nasibu kwa fedha za maskini, kwani hata kisima kikavu hulipiwa.

Njia ya kupunguza hasara hiyo si ngeni. Mfaransa Conrad Schlumberger aliifanyia majaribio tangu mwaka 1912. Vigingi vinne vya chuma hupigwa ardhini katika mstari mmoja. Viwili vya nje hupitisha umeme, viwili vya ndani hupima nguvu yake, na hesabu huonyesha ukinzani wa ardhi. Kadiri vigingi vya nje vinavyotenganishwa, ndivyo kina kinachopimwa kinavyoongezeka.

Vyombo vya kiwandani vya kazi hiyo huuzwa kwa maelfu ya dola. Lakini kiini chake ni betri, nyaya, vigingi na mita, vitu ambavyo fundi wa redio anavifahamu. Mwaka 2020 watafiti wa Ufaransa walitangaza hadharani michoro ya chombo kiitwacho OhmPi ili yeyote aweze kukiunda. Chombo kilichoundwa nyumbani hutengenezwa nyumbani kinapoharibika. Huko ndiko kujitegemea.

Hata hivyo, chombo si mganga. Mfinyanzi na maji ya chumvi huonyesha ukinzani mdogo vilevile, hivyo vipimo sharti vilinganishwe na visima vinavyojulikana. Umeme unaotumika unaweza kuua, kwa hiyo kazi isiachiwe wasiofunzwa. Zaidi ya yote, chombo hakioni vijidudu. Katika mtaa wenye nyumba zilizosongamana na vyoo vya shimo, maji yaliyo karibu na uso wa ardhi yanaweza kuwa na maradhi. Kupata maji ni jambo moja. Kuyapima maabara kabla ya kuyanywa ni jambo la lazima.

Yafaa basi Chuo Kikuu cha Burundi na Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU, zishirikiane na mafundi wa mitaani, na kila kipimo kiandikwe na kuhifadhiwa, kiwe cha kisima chenye maji au kikavu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Shimo kavu lililoandikwa humwokoa jirani asichimbe jingine. Lisiloandikwa ni hasara mara mbili.