Zamu, Likizo na Mgonjwa wa Nyumbani: Mtumishi wa Huduma Muhimu Wakati wa Janga

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wauguzi wafawidhi na maafisa utumishi, Dar es Salaam, 2022



Nimeombwa nianze na maana ya istilahi. Huduma muhimu zimetajwa katika kifungu cha 77 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: afya na maabara zake, maji na usafi wa mazingira, umeme, zimamoto, uongozaji wa ndege, na usafiri unaowezesha hizo nyingine. Mzee, kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, ni mwenye miaka 60 na kuendelea. Aliye hatarini zaidi kwa UVIKO-19 ni mzee huyo, hasa akiwa na kisukari, presha au maradhi ya moyo. Historia nayo mnaijua: mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, shule zikaanza kufungwa kesho yake, chanjo ikazinduliwa tarehe 28 Julai 2021. Katikati hapo takwimu zilisimama kutolewa, na hilo halimo katika hadidu za rejea nilizopewa.

Tuje kwenye likizo.

Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Kinampa pia siku hizo akifiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu yake. Kisomeni tena polepole. Mama akifariki, siku zipo. Mama akiugua, kifungu kimenyamaza. Na siku hizo 4 ni za mzunguko wa miezi 36, si za kila mwaka. Anayeugua mwenyewe ana angalau siku 126, yaani 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Nimekuwa nikilisema hili la kuuguza mzazi vikaoni tangu kabla ya korona, na kila mara najibiwa kwamba ni wazo zuri, lipelekwe kwenye kamati.

Sasa mtumishi aliyemwacha mama wa kisukari chumba cha pili hufanyaje? Huenda kwa daktari wanayefahamiana, akachukua ED, yaani karatasi ya daktari ya kupumzika kazini kwa ugonjwa, kwa jina lake mwenyewe. Wauguzi wafawidhi msicheke. Karatasi hizo zinapita mezani kwenu. Miaka ya kawaida uongo huo hauumizi kitu ila daftari. Wakati wa janga ni habari nyingine. Aliyeandikiwa homa ili abaki na mama yake anahesabiwa mshukiwa, na wenzake wa zamu wanafuatiliwa bure. Yule mwenye homa ya kweli, ambaye alishaonywa kwa ED za mara kwa mara, anaogopa kuomba nyingine. Anameza vidonge vya kushusha homa, anavaa barakoa, anapanda daladala kwenda kazini. Mahudhurio yanaonyesha mzima kuwa mgonjwa na mgonjwa kuwa mzima. Mtaalamu wa kudhibiti maambukizi atafanya kazi gani na kumbukumbu za namna hiyo?

Njia ya pili ni kubadilishana zamu. Mmoja anampa mwenzake usiku, naye anachukua Jumapili ambayo kaka yake atakuwepo nyumbani. Ni utu, na sina neno baya juu yake. Ila kama mmegawa watumishi makundi mawili ili moja likiambukizwa jingine libaki, kila zamu inayobadilishwa chemba inachanganya makundi hayo, na ratiba iliyobandikwa ukutani inabaki pambo.

Njia ya tatu ni dada wa kazi, anayelipwa kutoka mshahara uleule wa muuguzi, na ambaye naye ana mama yake kijijini. Sera ya 2003 inaitambua familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo ya mzee. Sawa. Saa moja na nusu asubuhi familia hiyo imeshasaini kuingia wodini. Sheria inamzuia muuguzi kugoma kwa kuwa kazini hana mbadala. Nyumbani vilevile hana.

Kuhusu kujitenga katika chumba cha peke yako, nyumba za kupanga za uswahilini zenye choo kimoja cha wapangaji wote mnazifahamu. Sitapoteza muda.

Mapendekezo. La kwanza, kifungu cha 34 kihusu pia ugonjwa wa mzazi na wa mwenzi, si vifo vyao tu. Pendekezo Na. 165 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1981, lilishasema mfanyakazi aweze kupata ruhusa mtu wa familia yake ya karibu anapougua na kumhitaji. Wakati hilo likisubiriwa, kumbukeni sheria imeandika "angalau": kwa kuzingatia taratibu za utumishi, mwajiri hazuiwi kuongeza. Iwepo fomu ya siri ambamo mtumishi anaeleza anaishi na nani, na isitumike kamwe kumnyima nafasi. Ratiba za zamu zipangwe kwa kuiangalia fomu hiyo, na anayeishi na mzee asiwe wa kwanza kupelekwa wodi ya waliotengwa kama yupo mwingine. Kubadilishana zamu kuruhusiwe, ndani ya kundi moja tu, na kuandikwe. Chanjo apewe mtumishi pamoja na mzee wake kwa safari moja. Mwaka 2021 wote wawili walikuwa kwenye kundi la kipaumbele. ED ibaki ya mgonjwa mwenyewe, jambo ambalo linaturudisha kwenye pendekezo la kwanza, maana bila likizo halali ya kuuguza hakuna atakayeiacha.

Rasimu ya maneno ya kifungu iko ukurasa wa mwisho wa makabrasha yenu. Ni mistari minne. Safari hii naomba irudi na maoni ya maandishi, na jina la aliyeyaandika.